Mzee wa Ukutani

Mwanangu alikuwa akiamkia ukuta.

Sisemi kwa mafumbo, ndugu zangu. Ninasimulia jambo lililotokea katika nyumba niliyopanga, mbele ya macho yangu haya mawili.

Tulikuwa watu wanne: mimi, mume wangu ambaye ni fundi wa magari, mama mkwe wangu, na binti yetu mdogo wa chekechea. Binti huyo husema tangu anapofungua macho hadi anapoyafumba, na kwa sababu hiyo jengo zima lilimwita Kasuku. Mimi nikawa Mama Kasuku, na fundi wangu akawa Baba Kasuku, apende asipende.

Asubuhi moja nilikuwa nikikunja shuka nilipomsikia akisema kwa adabu zote:

“Shikamoo, babu.”

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Mtoto alikuwa ameuelekea ukuta ulio kando ya kitanda chake, ametulia, kama anayesubiri kuitikiwa.

“Unamwamkia nani, Kasuku?”

“Babu.”

“Babu yupi?”

“Huyu mwenye ndevu. Haitikii. Labda kiziwi.”

Nilicheka. Kisha nikainama mpaka kichwa changu kikawa sawa na mto wake, na kicheko kikanikauka.

Palikuwa na doa jeusi lenye kichwa na mabega. Na pale panapostahili kuwa kidevu palikuwa na nywele. Nywele kabisa, laini, za kijivu. Nilipozipuliza, zilitikisika.

Ukuta ulikuwa umeota ndevu.

Nilipiga ukelele. Mama mkwe akaja akikokota miguu yake, akatazama, akanusa.

“Mwanangu, punguza kelele. Hiyo ni kuvu. Mkate ukisahauliwa huota hivyo hivyo.”

“Mkate ni mkate, mama. Huu ni ukuta!”

“Basi na wenyewe umesahauliwa.”

Jioni Baba Kasuku aliporudi kutoka gereji, nikamwonyesha. Aliinama, akamtazama yule mzee kwa muda mrefu.

“Kama ameamua kukaa hapa,” alisema, “basi na achangie umeme.”

Tulicheka sote. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika chumba kile.

Kilichofuata kilianzia kwenye sentensi.

Kasuku alizoea kusimulia jambo moja kutoka mlangoni hadi jikoni bila kuvuta pumzi. Sasa alianza kukatika.

“Mama, leo mwalimu…” Anasimama. Mabega yanapanda, yanashuka. “…mwalimu alisema…” Anasimama tena.

Maneno aliyokuwa akiyamwaga ovyo, sasa aliyatoa moja moja, kana kwamba kila neno lilikuwa na uzito wa ndoo. Kisha kikaja kikohozi. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi.

Muuguzi aliyempima alisikiliza kifua mbele, akasikiliza nyuma, halafu akanitazama mimi badala ya mtoto.

“Mnalala wapi?”

Sikulielewa swali. “Tunalala nyumbani, dada.”

“Najua mnalala nyumbani, mama. Nauliza chumba kikoje. Kina unyevu? Kina kuvu?”

Niliona aibu, kana kwamba ameniuliza kama huwa ninaoga.

“Ipo… kidogo. Ukutani.”

“Dawa nitakupa. Lakini usidanganyike na dawa, haiwezi kupigana na ukuta. Ama ukuta utibiwe, ama mtoto aondolewe humo. Kifua hiki hakina subira.”

Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni, nikiyarudia maneno hayo njia nzima. Ama ukuta utibiwe, ama mtoto aondolewe.

Kumwondoa kumpeleka wapi? Tulikuwa na chumba na sebule. Tulimhamishia sebuleni, alale nasi, na baada ya muda mfupi doa likachungulia nyuma ya kabati la sebuleni. Lilikuwa limetufuata.

Kuhama nyumba? Hapo ndipo tulipokwama. Magoti ya mama mkwe yamekufa. Sakafu tambarare anaimudu, ngazi kwake ni mlima. Nyumba za chini tulizozikagua zote zilikuwa na harufu ile ile ya nguo iliyosahauliwa majini. Zenye hewa nzuri zilikuwa juu.

Kifua cha mjukuu kilitaka juu. Magoti ya bibi yalitaka chini. Nami nilisimama katikati, nimeshika mkono huku na mkono kule.

Ikabaki ukuta utibiwe. Na ukuta ulikuwa na mwenyewe.

Mwenye nyumba wetu tulimwita Mstaafu. Si mtu mbaya. Ningependa sana angekuwa mbaya, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumpandishia sauti. Huyu ni mpole. Anakuita binti yangu, anakuuliza hali ya mama mkwe wako, anamtania mtoto wako. Unamaliza kuzungumza naye ukiwa umeshukuru, na hujui umeshukuru nini.

Nilimpigia simu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Hamjambo? Kasuku anaendelea kupiga domo?”

“Hapigi tena, mzee. Kifua kinamsumbua. Ukuta wa chumbani umeota kuvu.”

Akaguna kwa huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, naapa.

“Sasa nisikilize ili baadaye tusilaumiane. Paa ni langu. Ukuta wa nje ni wangu. Vikivuja, niulize mimi. Lakini usafi wa ndani, kufungua madirisha, kutoanika nguo chumbani, hayo ni ya mpangaji. Na kuvu hutokea ndani, au si hivyo?”

“Ni hivyo, mzee, lakini…”

“Na wewe si unafanya kazi ya pasi?”

“Ninapiga pasi kwa dobi, mzee. Sipigi nyumbani.”

“Mvuke umekuzoea, binti yangu. Unarudi nao bila kujua.”

Ndugu zangu, nimenyoosha mashati ya watu miaka mingi. Sijapata kuona mvuke ukimsindikiza mtu hadi kwake.

Lakini nilijibu nini? Nilijibu, “Sawa, mzee. Ila nakuomba uje uone.”

“Nitakuja Jumamosi. Nikiiona kwa macho yangu, nitaleta fundi abandue plasta tujue unyevu unatoka wapi. Hiyo ni ahadi.”

Wiki ile nilifungua madirisha mpaka mapazia yakataka kuondoka. Nguo zote nilizianika nje, hata zile ambazo si za kutazamwa na jengo zima. Mzee wa ukutani hakujali. Ndevu zilimfika tumboni.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, ota, ota, ili Jumamosi uonekane.

Jumamosi niliomba ruhusa kazini nikawahi kurudi. Nilimkuta Mstaafu ndiyo kwanza anafika getini. Tuliingia pamoja, mimi mbele, yeye nyuma.

Nilipofungua mlango, pua ilinipa habari kabla ya macho. Chumba chote kilinuka dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

Ukuta ulikuwa mweupe kama sahani.

Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Pindo la gauni lake limelowa. Vidole vimekunjamana kwa maji. Alikuwa akihema, na uso wake uling'aa kwa fahari.

“Karibu, karibu sana,” alimwambia mgeni. “Utatuwia radhi, hatukujiandaa vya kutosha.”

Kasuku akanirukia.

“Mama! Bibi amemwogesha babu… mpaka… amekwisha!”

“Babu gani?” aliuliza Mstaafu.

Mama mkwe akamvuta Kasuku kando yake.

Mwenye nyumba aliupapasa ukuta kwa kiganja, akakitazama kiganja, akatabasamu kwa upole ule ule.

“Ndio huu? Umeona sasa, binti yangu. Mama amepitisha kitambaa na ugonjwa umekwisha. Kumbe lilikuwa ni suala la usafi tu.”

Nilifungua mdomo.

Ningesema nini? Kwamba mama huyu ameufuta asubuhi hii hii? Nimwumbue mama wa mume wangu mbele ya mgeni, angali anahema?

“Itarudi, mzee,” nilisema.

“Ikirudi, pitisheni tena kitambaa.”

Akamtania mtoto, akaagana na mama mkwe kwa heshima, akaenda zake. Fundi wa kubandua plasta akaenda naye, kabla hata hajafika.

Nilimfuata mama mkwe jikoni.

“Mama, kwa nini?”

“Kwa nini nini? Mwenye nyumba anakuja kukagua, akute madoa? Akasimulie huko kwamba mke wa mwanangu hajui kufuta ukuta?”

“Nilitaka ayaone, mama. Nilitaka aone vile vile palivyo.”

Nikamwona akielewa, polepole, kama mtu anayesikia maumivu baada ya kujikata. Mikono yake ikashuka mapajani.

“Nimekuharibia, mwanangu.”

“Hapana, mama.”

Alikuwa amepiga magoti asubuhi nzima, magoti yale yale yasiyoweza hata ngazi moja, ili mimi nisiaibike. Mtu wa namna hiyo unamlaumuje?

Kuvu ilirudi, tena kwa hasira. Niliipiga picha nikamtumia Mstaafu kwa simu. Akanijibu kwa upole: “Hii picha ni ya zamani, binti yangu. Mimi nilikuja, nikaona.”

Nikatuma nyingine. Akaniuliza kama madirisha tunayafungua.

Mchana mmoja nilikuwa kazini, nimeweka pasi juu ya kola ya shati la mtu, simu ikaita. Alikuwa mama mkwe. Hakusalimu.

“Mama Kasuku. Kasuku hasemi.”

Maneno mawili tu. Kasuku hasemi.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka midomo ya mwanangu, rangi yake. Nakumbuka hospitalini walimfunika pua na mdomo kwa kifaa cha hewa, na macho yake juu ya kifaa yakanitazama yakiwa na maneno mengi yaliyokosa njia.

Alipona. Namshukuru Mungu. Lakini daktari alirudia yale ya muuguzi, na safari hii hakutumia sauti ya ushauri. Alisema mtoto akirudi katika chumba kile, tusije kumwuliza kwa nini.

Mstaafu alikuja kutuona. Alikaa kando ya kitanda, akamshika Kasuku mguu, na macho yake yalilowa.

“Binti yangu,” alisema, “yule kijana wa juu yenu amehama. Chukueni nyumba ile. Ina madirisha pande mbili, hewa mpaka basi. Masharti yale yale. Mimi sitaki mtoto ateseke kwangu.”

Nililia. Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru.

Baba Kasuku aliinamisha kichwa. “Na mama?” aliuliza.

Mama mkwe, aliyekuwa kimya kwenye kiti cha pembeni, akajibu mwenyewe.

“Magoti ni yangu. Nitaongea nayo.”

Siku ya kuhamia juu alikataa kubebwa na mwanawe. “Mimi ndiye niliyekubeba wewe,” alimwambia. “Usinigeuzie mambo.” Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akaigeuzia mgongo ile ya juu yake, akajisukuma kwa mikono. Akapumzika. Akajisukuma tena. Kasuku alipanda naye, akikaa kila anapokaa.

“Bibi, umebakisha kidogo.”

“Mwongo mkubwa wewe.”

“Kidogo sana, bibi. Ukifika nitakupa biskuti.”

Alipofika juu alilala chali barazani, akaitazama dari.

“Nimefika,” alisema. “Sasa asitokee mtu wa kuniambia nishuke.”

Hatukumwambia. Hajashuka mpaka leo ninapoandika haya. Dunia yake ni dirisha.

Kasuku alipata nafuu. Niliisikiliza nafuu ile kwa masikio: sentensi ziliongezeka urefu, zikaanza kuunganika, mpaka siku moja alinisimulia ugomvi wa chekechea tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama, nami nikajifungia jikoni nikalia kwa raha.

Nyumba ya juu ilikuwa na bomba la mvua, lile la kuoga umesimama. Baba Kasuku alilipenda kuliko alivyonipenda mimi. Akirudi na grisi mpaka viwikoni, alisimama chini ya maji na kuimba, na sauti yake, ndugu zangu, ni ya mtu anayesukuma gari bovu.

Nyumba ya chini ilipakwa rangi. Akaingia mke na mume, wameoana karibuni. Mume ni dereva wa malori ya masafa marefu, haonekani. Mke ni msichana mchangamfu, na alikuwa mjamzito. Tulimwita Bi Harusi.

Siku aliyohamia nilimshukia pale pale, kabla hajatandika kitanda.

“Mdogo wangu, chumba hiki kina unyevu. Mwanangu nusura animalizikie humu.”

Akanishika bega, kwa upendo.

“Dada, si kimepakwa rangi? Tena mzee ametueleza. Alisema wapangaji waliotangulia walikuwa wanaanika nguo ndani.”

Nilitazama ukuta. Rangi ilikuwa mpya, laini, ya maziwa. Ningebishana nayo vipi?

Muda ukapita. Jioni moja mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Harusi, amepanda ngazi na tumbo lake, anahema.

“Dada, samahani. Humu ndani kuna mtu anaoga?”

Niliona haya kidogo. “Ni shemeji yako. Mbona?”

“Nimemsikia akiimba.”

“Tusamehe, mdogo wangu. Nitamwambia apunguze sauti.”

“Asipunguze!” alisema haraka. “Dada, sauti yake ndiyo saa yangu. Shemeji akianza kuimba, ninakwenda kushika ukuta. Wimbo ukifika katikati, ukuta unatoka jasho. Nimeuchunguza siku nyingi. Akinyamaza, nao unakauka.”

Nilimtazama kama mjinga.

Asubuhi tulifanya jaribio. Yeye alibaki chini, kiganja ukutani. Mimi nikasimama bafuni na ndoo. Tuliitana kupitia dirishani.

“Nimwage?”

“Mwaga!”

Nikamwaga.

“Bado!” akasema. Nikamwaga tena. “Bado!” Nikafungua bomba la mvua nikaliacha. Palikuwa kimya. Kisha nikasikia akipiga kelele za furaha.

“Inakuja! Dada, inakuja! Inakuja kweli!”

Nami nilipiga kelele. Nilirukaruka bafuni kama mtoto. Tumeipata! Haikuwa mvuke wangu. Hayakuwa madirisha. Hazikuwa nguo. Lilikuwa ni bomba lililopasuka ndani ya sakafu, na maji ya yule kijana wa juu yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta hadi kwenye mto wa mwanangu.

Kisha furaha ikasimama.

Kijana wa juu ameshahama. Wa juu sasa ni sisi.

Tulikwenda kwa Mstaafu pamoja, mimi na Bi Harusi, tumeshikana mikono kama watu waliookota dhahabu. Alitukaribisha barazani, akasikiliza hadithi yote hadi mwisho.

“Ahaa,” alisema. “Kumbe ni bomba la bafu.”

“Ndiyo, mzee! Si usafi!”

“Bafu la nani?”

Tulitazamana.

“La juu,” nilisema.

“La kwako, binti yangu. Paa ni langu, ukuta wa nje ni wangu. Bafu la ndani ni la anayeoga. Uliingia ukalikagua, ukaniambia kila kitu ni kizuri. Ulinishukuru mpaka ukalia.”

“Lakini lilikuwa bovu tangu zamani, mzee! Ndilo lililomtesa mtoto wangu!”

“Uliwahi kuniambia habari za bomba?”

Nilihesabu kichwani simu na picha zangu zote.

“Uliniambia kuvu,” alisema kwa upole. “Bomba hukuniambia hata siku moja.”

Ilikuwa kweli. Ningemwambiaje jambo nisilolijua?

“Ninyi ni majirani wema,” alisema akitusindikiza getini. “Kaeni mmalizane.”

Baba Kasuku alimleta rafiki yake, fundi bomba. Fundi aligonga sakafu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema pamepasuka chini ya vigae, hakuna dawa isipokuwa kuvunja. Tukamwomba Mstaafu ruhusa ya kuvunja. Akajibu kwamba jengo ni lake na haruhusu mpangaji kuligonga nyundo.

Bafu lilikuwa letu. Sakafu ya bafu ilikuwa yake.

“Sasa tuoge wapi?” aliuliza mume wangu. “Hewani?”

Bi Harusi alishauriwa na ndugu zake aende kwenye ofisi inayosikiliza migogoro ya nyumba. Akaniomba nimsindikize niwe shahidi wake. Nilivaa gauni langu zuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote: mtoto, muuguzi, simu, picha, ndoo. Nilisema leo nitasikilizwa.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo aliyesukumia miwani juu ya paji la uso.

“Mlalamikaji nani?”

“Mimi,” alisema Bi Harusi.

“Unamlalamikia nani?”

“Mwenye nyumba.”

“Una tatizo gani?”

“Maji yanaingia ukutani kwangu.”

“Yanatoka kwa mwenye nyumba?”

“Hapana. Yanatoka nyumba ya juu.”

“Ya juu anakaa nani?”

Bi Harusi akanitazama.

“Mimi,” nilisema. “Lakini mimi ni shahidi wake.”

Karani aliishusha miwani, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

“Mama, wewe huwezi kuwa shahidi. Wewe ndiye mlalamikiwa.”

“Lakini tumekuja pamoja!”

“Na ninawapongeza. Wengi hufika hapa wakirushiana viatu.”

“Na mwenye nyumba?” nilimwuliza. “Yeye ni nani katika jambo hili?”

“Wewe ukitaka kumlalamikia, utafungua lako, hili likiisha. Hapa anayemwaga maji ni wewe, anayemwagiwa ni huyu. Mengine ni maelezo.”

Nilikuwa nimekwenda pale kumsaidia mtu anishitaki.

Bi Harusi alianza kulia. “Basi niache,” alisema, akikusanya mkoba wake. “Dada hana kosa. Siwezi kumwandikisha dada.”

“Ukiacha wewe, ukuta nao utaacha?” aliuliza karani. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka.

Nilimtazama yule msichana, mkono juu ya tumbo. Nikaukumbuka uso wa mwanangu hospitalini, yale macho. Mtoto aliye tumboni hakujua lolote kuhusu paa la nani na sakafu ya nani. Angezaliwa, angelazwa kando ya ukuta ule, angevuta pumzi.

“Kaa chini, mdogo wangu,” nilimwambia. “Mwandikishe huyo mlalamikiwa.”

“Dada…”

“Kaa, nimesema.”

Nikamgeukia karani, nikalitaja jina langu taratibu, ili asikosee.

Tulirudi kwa miguu. Ngazi za ofisi zilikuwa zimesimama wima, nikamshika mkono asianguke. Njiani aliniuliza kama siku ya shauri tutakwenda pamoja.

“Sasa utakwenda na nani?” nilimjibu.

Siku ya shauri imeahirishwa, ikapangwa, ikaahirishwa tena. Mama mkwe namfuta mwili kwa kitambaa kitandani. Kasuku anaogea kwenye beseni, nami nashusha maji machafu kwa ndoo hadi nje. Baba Kasuku anaoga gereji, anarudi kimya.

Tumehifadhi kila tone tunaloweza kulihifadhi. Lakini fundi bomba alituambia kwamba sakafu iliyokwisha kunywa haikauki upesi.

Mtoto wa Bi Harusi amezaliwa. Ni wa kiume, ana sauti nzuri. Juzi, nikipita mlangoni pao na ndoo yangu, nilimsikia akikohoa.

Nilisimama. Nikasema labda ni mate yamempalia.

Akakohoa tena.

Wapangaji wenzangu, ninawaachia neno moja. Siku mkigombanishwa na jirani kwa sababu ya nyumba, msianze kwa kutazamana ninyi kwa ninyi. Tazameni kwanza ni nani hayumo chumbani. Huyo mtafuteni, mshikeni mkono kwa upole wake wote, mje naye, mmkalishe mahali panapokohoa.

Sisi bado tunamtafuta. Simu yake inaita, na akipokea, anaanza kwa kuuliza watoto hawajambo.